Sukari ya Mabua

Mama yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa mabua yake. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa kwetu Didia, wanapoisimulia habari hii, huanza na wageni waliokuja na magari, na mimi huachwa nitokee katikati kama mtu aliyekuwa anapita njia. Sikuwa napita njia. Mimi ndiye niliyeingia nyumba kwa nyumba.

Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa maabara kwenye mgodi wa Buzwagi, nje ya mji wa Kahama. Kazi yangu ilikuwa kusaga mawe, kuyayeyusha kwenye tanuri na kusema yana dhahabu kiasi gani. Si kazi ya maneno mengi. Jiwe halidanganyi, na anayelipima akidanganya anaumbuka kwenye kipimo kinachofuata. Niliipenda kwa ajili hiyo. Mgodi ulipofika mwisho wake nilirudi Shinyanga na vyeti vyangu na makoti mawili meupe, nikapanga chumba karibu na reli, nikaanza kuzungusha barua za maombi. Miezi ikapita. Kila Jumapili nilikwenda Didia kumwona mama, ambaye tangu baba afariki aliishi na kaka yangu mkubwa.

Kaka yangu aliishia darasa la saba. Si kwamba alifeli. Wakati ule nyumbani palikuwa na ng'ombe wa kuchunga na mtoto mmoja tu wa kusomeshwa, na ikaamuliwa kwamba mimi ndiye mwenye kichwa. Ada yangu ya chuo ilitoka katika zizi lake. Hakuwahi kunikumbusha.

Siku moja niliitwa kwenye usaili na bwana mmoja aliyekuwa mkurugenzi wa mradi. Alikuwa Mtanzania, msomi, mpole, mwenye sauti ya mhubiri aliyeshiba. Mradi wake ulikuwa umekodi jengo la zamani la kuchambulia pamba, kando ya barabara ya kuelekea kwetu. Alinionyesha mapipa makubwa ya chuma na mabomba yaliyokuwa bado yamefungwa nailoni, akanieleza. Ndani ya bua la mahindi, ndani ya majani makavu ya mpunga, hata ndani ya mti wa pamba, mna sukari. Imefungwa tu, imesukwa ngumu kama kamba. Ukilikatakata bua, ukalichemsha na asidi, kisha ukatia vimeng'enya, ile kamba inafumuka na sukari inatoka. Sukari hiyo unaipa hamira, hamira inaigeuza spiriti, na spiriti inawaka jikoni bila moshi.

Kila alichosema kuhusu kemia kilikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniuma hata leo.

"Unakijua Kisukuma vizuri?" akaniuliza.

"Ndiyo lugha ya nyumbani."

"Basi kazi ni yako."

Vyeti vyangu vilikuwa mezani. Hakuvifungua.

Mkutano wa kijiji ulifanyika katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wakiwa wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mama alikaa mbele kabisa, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mkurugenzi alizungumza Kiswahili, nami nikakitia katika Kisukuma kwa ajili ya wazee na akina mama. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipofika kwenye maneno "taka za mashambani." Nilisimama pale mdomo wazi. Taka kwetu ni kile kinachofagiliwa uani. Kitu kinachotoka shambani hakiitwi hivyo. Mwishowe nikasema, vile vitu vinavyobaki mkishavuna, ambavyo hamvitumii.

Kaka yangu akanyoosha mkono.

"Mdogo wangu, nisaidie," alisema, kwa heshima, kama mtu anayezungumza na mwalimu. "Vitu tusivyovitumia ni vipi? Miti ya pamba mama anapikia. Mabua ya mahindi ng'ombe wanaingizwa shambani tukishavuna tu. Majani ya mpunga tunayarundika juu ya chanja, tunayasubiri mpaka ngitili iishe."

Ngitili ni lile eneo ambalo kila ukoo hulifunga wakati wa masika, mifugo isikanyage, ili nyasi zisimame zisaidie kiangazi. Lakini ngitili haifiki mvua za Novemba. Katika zile wiki za mwisho, ardhi ikiwa imepasuka na upepo unakula kila kitu, ni ule mpunga mkavu wa juu ya chanja unaowavusha ng'ombe. Nililijua hilo kuliko nilivyojua kemia. Nilikuwa nimepanda chanja hizo nikiwa mtoto.

"Anasema nini?" mkurugenzi akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Anauliza kuhusu malisho."

Akatabasamu. "Mwambie makapi yote yatarudi kwao. Sisi tunachukua sukari tu. Kinachobaki ni chakula safi kabisa cha mifugo."

Hapo ndipo ningeweza kusimama. Mwanafunzi yeyote wa kemia anajua kwamba ile sukari iliyosukwa ndani ya bua ndiyo hiyo hiyo inayomlisha ng'ombe. Tumbo lake ndilo linaloifumua, polepole, kwa kucheua. Ukiitoa sukari, kinachobaki ni unga mweusi wa ubao, na asidi juu yake. Nililijua hilo wakati ule, si baadaye. Nikafungua mdomo, nikalisema neno la mkurugenzi kwa Kisukuma kizuri, tena nikaongeza mifano.

Kaka hakuwa ameketi bado. "Mkishaitoa sukari," akauliza, "ng'ombe anabaki kula nini?"

Watu wakacheka kidogo, cheko la kumuunga mkono, na mimi nikahisi joto likinipanda usoni. Nilikuwa nimekaa bila kazi miezi mingi. Nilikuwa nimevaa koti jeupe. Nikasema, "Kaka, haya ni mambo ya kisayansi. Wewe si uliishia la saba?"

Kaka yangu alinitazama, akatazama dawati, akakaa.

Mama aliinuka akasema, "Mtoto wangu hawezi kuniletea kitu kibaya. Andikeni, mimi natoa." Baada yake wakafuata wengine. Wiki iliyofuata mikokoteni ilianza kupanga foleni kwenye geti letu, imesheheni mpaka huoni magurudumu, na wa kwanza ulikuwa unavutwa na maksai wa kaka yangu. Yeye mwenyewe alikuwa ameshika fimbo. Alinisalimia vizuri. Alishusha mzigo wake, akarudi kuchukua mwingine.

Sitaki kusema kwamba hatukufanya kazi. Tulifanya. Mashine ya kukatakata ilikuwa inapiga kelele mchana kutwa na vumbi la pamba lilitukaa puani mpaka tukakohoa makohozi meupe. Tulichemsha, tulipoza, tulitia chokaa kuua asidi, tulichuja. Na siku moja, wiki kadhaa baada ya kuanza, nilichukua maji yaliyochujwa, nikayatia ile dawa ya bluu ya kupimia sukari ambayo kila mtu aliyepita sekondari anaikumbuka, nikaipasha moto. Ikageuka kijani, ikageuka njano, ikatulia kwenye wekundu wa tofali.

Nilikimbia uani nikiwa nimeishika ile chupa juu. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Jumapili ile nilimpelekea mama kiasi kidogo katika kichupa cha dawa ya kikohozi, nikamwambia hiyo ni sukari ya mabua yake.

"Nionje," akasema.

"Hailiwi, mayu. Bado ina dawa."

Akakigeuzageuza kichupa dirishani. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuharibika kwa moshi, yanatoa machozi kila wakati, na hiyo ndiyo sababu alilipenda wazo la jiko lisilo na moshi kuliko watu wote. "Sukari isiyoliwa," alisema. "Haya. Ninyi ndio mnajua."

Sukari ilikuwepo. Spiriti ndiyo haikuja. Tulijaza pipa la kuchachulia, tukatia hamira, tukangoja siku tatu, siku tano, wiki. Nilipima asubuhi na jioni. Sukari ilikuwa vile vile, haijaguswa.

Aliyenieleza sababu hakuwa mtaalamu. Alikuwa mama wa usafi, mjane mmoja wa kutoka Ushirombo, mwenye rozari shingoni na tabia ya kusalimia hata mashine. Asubuhi moja alinikuta nimesimama mbele ya pipa na daftari langu. Akaegemeza ufagio, akasogeza pua kwenye mfuniko, kisha akaweka sikio.

"Hili limekufa," akasema.

"Umejuaje?"

Akaangalia nyuma kwanza. "Mama yangu alitusomesha kwa gongo, Mungu amsamehe. Nimekoroga mapipa tangu sijavunja ungo. Pipa lililo hai utalisikia linaongea. Hili limenyamaza. Halafu linanuka kuungua. Kitu kikiungua kabla hujatia hamira, hamira hailali humo, inakufa."

Alikuwa sahihi kabisa. Tulikuwa tunachemsha kwa moto mkali mno na asidi kali mno kwa sababu mabomba yetu hayakuwa ya aina iliyoandikwa kwenye maelekezo, na sehemu ya sukari ilikuwa inageuka sumu ya hamira. Na vile vimeng'enya, ambavyo vililetwa kwa ndege ndani ya masanduku ya barafu, vilikuwa vimekaa kwenye friji ambayo umeme ulikuwa unaikatikia kila wiki. Tulikuwa tunatumia moto kuziba pengo la vimeng'enya vilivyooza. Nilikaa siku mbili nikaandika ripoti ya yote hayo, nikampelekea mkurugenzi.

Akaisoma mpaka mwisho, nampa haki yake. Kisha akasema, "Andika 'changamoto za awali.' Wafadhili wanakuja mwezi ujao."

"Hatutakuwa na spiriti mwezi ujao."

"Tutakuwa nayo."

Ilikuja kwenye galoni la bluu lililobanduliwa karatasi. Ilikuwa spiriti ya dukani, ya mjini. Dereva aliishusha asubuhi ya ugeni, mkurugenzi akanikabidhi mwenyewe, na aliponiona sijanyoosha mkono akaniwekea miguuni. "Hatumdanganyi mtu," aliniambia, bila hasira. "Tunawaonyesha kesho. Mwakani yetu itakuwa hivi hivi. Unataka wafunge mradi, hawa watu wakose kila kitu?"

Nikaimimina kwenye jiko la maonyesho. Naweza kutafuta maneno mengine, lakini hayo ndiyo yaliyotokea. Nililichukua galoni, nikamimina, nikafuta jiko kwa kitambaa ling'ae.

Ilikuwa imepangwa mkulima mmoja mwanamke achemshe chai mbele ya wageni. Sikuulizwa nani. Nilipotoka nje nilimkuta mama amekwishavalishwa aproni yenye nembo ya mradi. Aliwasha kiberiti, mwali ukatoka wa bluu, mtulivu, na mama akainama juu yake kwa karibu, akakaa hivyo, macho wazi, kama mtu anayejinawisha uso. Alipoinuka aliomba aseme neno. Alisema kwa Kisukuma, nami nikatafsiri: "Hii mnayoiona inawaka ni miti ya pamba ya shamba langu. Nimeing'oa kwa mikono hii. Sikujua kwamba ndani yake mlikuwa na moto wa namna hii."

Wageni walipiga makofi. Mmoja alijifuta machozi. Mkurugenzi alinitazama kunipongeza. Mama wa usafi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, na pua yake, ambayo isingeweza kukosea, ilikuwa imekwishajua. Alininyima tu macho, siku ile na siku zilizofuata, mpaka mwisho wa mwezi alipoaga na kurudi kwao. "Nimeacha gongo kwa sababu ni dhambi," aliniambia siku ya kuondoka. "Lakini mama yangu alikuwa anauza gongo kwa jina la gongo."

Kiangazi cha mwaka ule hakikuwa kikali kuliko vingine. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye watu wa mradi waliandika kwamba ukame ulivuruga kazi. Ukame haukuwepo. Kilichokuwepo ni chanja tupu. Ngitili ziliisha wakati wake wa kawaida, watu wakageuka kutazama juu ya chanja kama walivyozoea, na juu ya chanja hapakuwa na kitu. Yote yalikuwa kwetu, mengine yakiwa yamerundikwa nyuma ya jengo, yamelowa maji yaliyovuja mabombani, yameoza.

Wakaja kudai makapi. Walikuja kistaarabu, wanaume sita, kaka yangu akiwa miongoni mwao. Mkurugenzi alikuwa safarini. Nikampigia simu.

"Si tuliwaahidi? Wape," akasema.

"Si chakula kile."

"Wape, watulie. Nikirudi tutaangalia."

Nilikuwa na funguo za stoo mkononi. Ningeweza kwenda pale getini nikasema, ndugu zangu, hiki hakiliwi, tafuteni njia nyingine mapema, uzeni ng'ombe wawili mnusuru kumi. Bado kulikuwa na muda. Badala yake nilifanya kitu ambacho nilikiona wakati ule kama wema: nilikaa siku tatu nikiyaosha yale makapi. Niliyaosha kwa maji, nikayaosha kwa chokaa, nikapima mpaka asidi ikaisha kabisa. Nilitaka niwe na uhakika kwamba hayatawadhuru. Nilijiambia kwamba kisichoua kwa sumu hakiui. Kisha nikafungua stoo, wakajaza magunia, na kaka yangu, akiwa amebeba gunia lake, akaniambia, "Wabeja, mdogo wangu." Asante. Neno lile sijui nilibebe wapi.

Ng'ombe waliyakataa mwanzoni. Watu wakayachanganya na chumvi, wakayapakaza magadi, na njaa ikafanya mengine. Walikula. Walikula wakashiba, wakalala, wakaendelea kukonda. Kwa kaka yangu maksai mmoja ndiye aliyeanza kushindwa kuinuka asubuhi. Wakamwinua kwa kamba na miti, akasimama siku mbili, akaanguka. Wa pili akafuata. Kisha ng'ombe mwekundu wa mama, aliyekuwa anampa maziwa.

Nilikuwepo bwana mifugo alipompasua yule mwekundu. Tumbo lilikuwa limejaa pomoni, kitu cheusi, kizito, kimeshikana kama maranda yaliyolowa. Akakichukua kiganjani, akakibonyeza, akakinusa. "Ajabu," alisema. "Tumbo limejaa, lakini huyu kafa kwa njaa." Akamgeukia kaka. "Mmemlisha nini?"

Kaka alinitazama mimi, si kwa kunilaumu. Alikuwa anasubiri mtaalamu ajibu.

Nikasema sijui.

Nyumba nyingi zilipoteza ng'ombe kiangazi kile. Wapo waliowahi kuhamisha mifugo, wapo waliouza kwa bei ya ngozi. Mkurugenzi hakurudi kutoka safari yake. Likaja lori, wakafungua mashine na kupakia mabomba, mlinzi akaambiwa atapigiwa simu. Mabaki ya mabua nyuma ya jengo mtu aliyapiga kiberiti, yakafuka siku kadhaa.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilikwenda Didia siku ya kazi, si Jumapili. Nilimkuta kaka nyuma ya nyumba anachongea jembe la mkono mpini mpya. Mipini mingine miwili ilikuwa imekwisha, imeegemezwa ukutani, mmoja mfupi. Nilielewa kwamba ule mfupi ni wa mama. Mwaka huo walikuwa wanalima kwa mkono.

"Kaka," nikasema, "nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku ile darasani. Nilijua makapi si chakula. Nilijua hata kabla hujauliza."

Aliendelea kuchonga. Alichonga vizuri, anapitisha kidole kutafuta panapokwaruza. "Nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza mbele za watu."

"Ndiyo, kaka."

"Mimi ambaye sijasoma." Akaupuliza mpini vumbi, akauangalia kama umenyooka, akaanza kuupachika jembe. Nilingoja anifukuze, au anipige, ningemshukuru. Alipomaliza akaniuliza kama nimekula. Tangu siku hiyo ananisalimia kama anavyowasalimia wageni wanaoheshimika, salamu yote kamili, hali ya kazi, hali ya safari, na hakuna kitu ndani yake.

Kwa mama nilidhani itakuwa rahisi zaidi. Alikuwa ndani, jiko la kuni linamfukizia, anachambua michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa. Lile jiko la spiriti alilopewa siku ya ugeni lilikuwa rafuni. Kichupa kimoja cha spiriti alichopewa nalo kiliisha ndani ya wiki na hakikuletwa kingine. Nilimwambia habari za makapi, akatikisa kichwa tu, alikuwa ameshasikia. Kisha nikamwambia habari za galoni la bluu. Hiyo hakuwa ameisikia.

Mikono yake ikasimama. "Kwa hiyo ile chai..."

"Ilikuwa spiriti ya dukani, mayu."

"Na mimi nikawaambia wale watu ni miti ya shamba langu."

"Wewe hukujua."

"Kwa hiyo niliwadanganya."

"Mama, wewe hukujua. Tuliowadanganya ni sisi."

"Mdomo ulikuwa wangu," akasema. Akarudia kuchambua. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini yale yalikuwa yanamtoka kila siku, kwa moshi, na mpaka leo sijui.

Nilipata kazi Katoro, upande wa Geita, katika maabara ndogo inayowapimia wachimbaji mawe yao. Naletewa mfuko, nasaga, nayeyusha, naandika kilichomo. Wachimbaji hubishana na karatasi yangu, hunitukana wakati mwingine, wakidai jiwe lao lina zaidi. Sibadilishi. Yupo mmoja aliyeniambia nina roho ngumu kama nyundo. Nilipokea kama sifa.

Mwaka huu, mwishoni mwa mavuno, kaka alinipigia simu. Hupiga mara chache na huwa ni kwa ajili ya mama. Nikashtuka. "Mama hajambo," alisema. "Wamekuja wengine. Wanataka kuzungumza habari za majani ya mpunga. Njoo uwasikilize. Wewe unajua wanavyodanganya."

Nilipanda basi alfajiri, nikateremkia Kahama nikaunganisha. Njia nzima nilikuwa naligeuza lile neno lake. Ilikuwa ni mara ya kwanza tangu ule mkutano kwa kaka yangu kuhitaji elimu yangu.

Walikuwa vijana wawili, msichana na mvulana, kutoka chuo kimoja cha mifugo, na pikipiki moja kwa wote wawili. Hawakuwa na mapipa wala nembo. Walikuwa na sanduku la mbao lenye mtaimbo, la kugandamizia majani yawe robota, na ndoo ya molasi. Walieleza: usichukue majani popote, yaache hapa hapa. Yakatekate, yanyunyizie maji yenye mbolea kidogo sana ya urea, yafunike kwa nailoni wiki tatu, yafunue yapumue, tia molasi. Bua linalainika, ng'ombe anapata kilichomo. Niliwauliza maswali makali, yote niliyopaswa kumuuliza mkurugenzi. Walijibu kila moja. Mbolea ikizidi itaua, walisema wenyewe, kabla sijawauliza. Haitanenepesha ng'ombe, walisema. Itamvusha tu.

Nilijua wanasema kweli. Niliijua ile kemia. Ilikuwa ni ile ile yetu, ila wao walikuwa wamemwachia ng'ombe kazi yake. Nikasimama mbele ya ofisi ya kijiji, nikawageukia watu wetu.

"Hawa hawadanganyi," nikasema. "Nimewapima. Wasikilizeni."

Mama mmoja wa nyuma, aliyepoteza zizi zima mwaka ule, akacheka, cheko fupi, kavu. "Hata wale ulisema hivyo hivyo. Tena kwa Kisukuma kizuri."

Hapo mkutano ulikwisha. Hakuna aliyetukana. Waliinuka mmoja mmoja, wakakung'uta nguo, wakaenda. Nadhani kama ningenyamaza, baadhi yao wangewasikiliza. Msichana alinifuata, karibu kulia, akaniuliza wamekosea wapi. Nikamwambia hawajakosea. Nikamweleza nani aliyekosea, na nilimtazama akirudi nyuma hatua moja.

Waliacha robota moja la mfano kwa sababu pikipiki ilijaa. Kaka yangu alilibeba mpaka nyumbani bila kusema kwa nini. Ana ng'ombe watatu sasa, wadogo. Alikata kamba, akalitawanya, akasogea pembeni, tukasimama wote wawili kwenye uzio. Ng'ombe walinusa. Wakala. Walikula mpaka wakalamba udongo mahali robota lilipokuwa.

"Wanakula," alisema.

"Ndiyo. Niwaite wale vijana? Hawajafika mbali."

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, anahesabu nyuso za watu wa kijiji kichwani mwake, nani atasema nini akisikia ni mimi niliyewarudisha.

"Hapana," akasema. "Utachelewa basi la Kahama."